Sauti ya Kocha Kitamura

Siku hizo sheria ilikuwa kwamba mtu mwenye wafuasi milioni kumi mtandaoni hafanyi uamuzi wowote mkubwa mpaka wafuasi wake wapige kura. Kitamura, mchezaji na kocha mstaafu wa mpira, aliivuka idadi hiyo kwa video za kuzifokea nyanya za bustani yake kule Shizuoka, Japani, kama alivyokuwa akiwafokea mabeki.

Kisha daktari akaona uvimbe wa saratani kooni mwake. Ungeweza kutolewa, ila sauti ingekwenda nao. Asubuhi mkewe, Fumie, alituma ombi la kura, wakakaa kunywa chai.

“Watakubali,” Fumie alisema. “Wanakupenda.”

“Ndicho kinachonitisha,” alijibu kwa sauti ya kukwaruza.

Adhuhuri majibu yalikuja. Asilimia themanini na tatu walikataa, wengi wakiandika kwamba hawawezi kuishi bila sauti yake.

Fumie alipiga simu hospitali kusema wanakuja hivyo hivyo. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba wameshaona kura, na kitanda kimeshapewa mgonjwa mwingine. Kisha akaomba, kama si usumbufu, kocha amfokee kidogo.

Fumie alimgeukia mumewe. Naye tayari alikuwa amenyoosha mkono kupokea simu.