Uzi wa Kijani Ukutani

Kitu cha kwanza Sikudhani alichokiona ni kifundo kwenye uzi wa kijani. Ukuta wa soko ulimulikwa kwa nyuzi za mwanga wa rangi, kila uzi ukichorwa na simu ya mtu kufuata alikopita mwezi mzima. Naye alikubali simu yake ichore.

"Huu wako, mama," alisema msanii aliyeandaa maonyesho hayo. "Kila Alhamisi unakaa hapa, adhuhuri mpaka alasiri."

Mumewe, Kombo, akasogea. "Kumbe huko ndiko unakoniaga kila Alhamisi kwamba unakwenda kuhani msiba? Msiba gani huo hauishi?"

Watu walicheka. Kombo hakucheka.

Sikudhani alikifunika kifundo kwa kiganja, lakini mwanga ukapanda juu ya mkono wake.

"Ni kwa Bi Tunu, yule mwalimu mstaafu," alisema. "Sijui kusoma, mume wangu. Ananifundisha."