Taa Bado Kijani

Kila nyumba chini ya mlima ilikuwa na taa ukutani. Ikiwa nyekundu, mnahama na serikali inawatunzia shamba. Ikiwa bado kijani na nyumba ikakutwa tupu, shamba si lenu tena.

Tangu asubuhi majivu yalikuwa yakiangukia migomba, na taa ilikuwa kijani. Bupe, mwenye miaka miwili, alikohoa mpaka akatapika.

"Baba Bupe, tuondoke," Tusekile alimwambia mumewe.

"Nendeni nyinyi. Nyumba ikiwa na mtu, shamba ni letu."

"Na mlima ukilipuka?"

"Nitauonyesha taa," Ambakisye alisema, akajaribu kucheka. "Utaona haya wenyewe."

Mkewe hakucheka. Paa la bati lilikuwa likilia kwa uzito wa majivu. Ambakisye akachukua ufagio, akapanda kuyaondoa.

Tusekile alimfunga mtoto mgongoni, akamfunika pua kwa kitambaa kilicholowa, akashuka bondeni. Nyuma yake ufagio ulikwaruza bati, ukakwaruza, ukakwaruza. Alipofika darajani ukanyamaza.

Alisimama katikati ya daraja, akamsihi mtoto asikohoe, ili ausikie ukianza tena.