Chafya ya Shamte

Kabla ya adhana ya alfajiri, mchi ulianza kugonga kinu upande wa pili wa ukuta. Bi Kibibi aliruka kutoka kitandani. Jirani yake Mwanakombo, muuza mihogo, alikuwa akitwanga pilipili kavu kama kawaida yake.

"Mwanakombo! Umesahau pua ya Shamte?"

Mchi ulinyamaza, lakini vumbi lilikwisha kupenya dirishani. Ubao ulikuwa umempiga mwanawe Shamte usoni, mfupa uliovunjika ukabana mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto, likaingia giza. Juzi daktari alipitia puani kwa kifaa chembamba chenye kamera, akauondoa mfupa ule. Akawaonya: asipenge kamasi, wala asibane chafya, hewa isije ikasukumwa nyuma ya jicho.

Shamte alikunja uso. "Mama, inakuja."

"Achama, mwanangu! Achama sana!"

Chafya ikatokea mdomoni, ikatikisa kitanda. Bi Kibibi alimpangusa tone la damu, akalichungulia jicho la kushoto.

Mwanakombo aliingia mbio akilia, amenawa mpaka viwikoni. "Nimekupofusha, baba!"

"Usinizike bado, shangazi." Shamte alilifunika jicho la kulia, lile zima, kwa kiganja. "Hebu simama karibu na taa. Kanga yako nyekundu?"

Mwanakombo alijitazama. "Nyekundu."

"Mimi naiona kama kahawia. Lakini naiona. Kesho uje tena, shangazi, na kanga hiyo hiyo."