Kadi Nyuma ya Maziwa

"Friji yangu si makaburi ya—"

"Wifi, hayajafa! Weusi huo ni—"

"Chukua mayai ya nondo ya kaka yako, uondoke!"

Mayai yalikuwa yamebandikwa kwa gundi kwenye kadi, meusi, madogo kama chenga za pilipili manga. Ndani ya kila moja alilala kinyigu wa kukinga mazao, aliyekwisha kumla kiwavi mwenye yai, akingoja baridi ipite.

"Wakiamka sasa, nje hakuna yai la nondo la kutagia. Watakufa bure," dada wa marehemu alisema, akivaa koti.

Mjane aliichomoa kadi nyuma ya maziwa. Upande wa pili wa kadi, mwandiko wa mumewe: *Mke wangu ataitupa hii. Mzuieni.*

Alicheka. Akairudisha, akafunga friji kwa vidole viwili, asiwashtue.

"Wifi, vua koti. Kaa nami mpaka waamke."