Twende Kilioni

Mwanakheri alimsuka Rukia nyuma ya bweni, saa chache kabla ya dansi la mahafali. Rukia ndiye aliyemnyang'anya mpenzi wake, Shafii, na bado hakuona haya kuja kuomba msuko wa kutikisa ukumbi. Kioo hakikuwepo. Basi Mwanakheri akamlaza mistari minene ya twende kilioni, ule msuko wa harakaharaka wa kuwahi msibani.

Rukia akajipapasa kichwa. "We Mwanakheri! Hii si twende kilioni?"

"Ndiyo. Kamwonyeshe Shafii wako."

"Wangu wapi? Kaniacha jana, sasa yuko na Pendo." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Umenisuka sawasawa, shoga. Kaa hapa na wewe nikusuke."

Jioni waliingia ukumbini vichwa vimeinama, kanga mabegani. Watu wakawapisha, mmoja akawapa pole. Wakakokota viti hadi mbele ya Shafii, aliyekuwa amemshika Pendo kiuno.

"Nani kafa?" Shafii akauliza.

Walikaa wakashika tama, wakimtazama, na Pendo akauondoa taratibu ule mkono kiunoni mwake.