Bila Brandvold

Uwanja mzima ulipoanza kuzomea, mwanamke mmoja alisimama akapiga makofi.

Vipaza sauti vilikuwa vimetangaza punde tu kwamba Cale Brandvold, kwotabeki wa timu ya Erie ya futiboli ya Kimarekani, hatacheza. Ilikuwa mechi ya mtoano, Januari, theluji inadondoka, na atakayefungwa msimu wake umekwisha. Nafasi ya Brandvold angeichukua Ignatius Pruitt, mchezaji wa benchi ambaye hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mechi ya maana.

Rudy Szymczak, fundi wa matairi, aligeuka kumtazama jirani yake. Hakuwahi kumwona pale. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, aitwaye Verna, skafu ya timu shingoni, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Wee mama, umesikia vizuri? Brandvold hachezi."

"Nimesikia. Ndiyo maana napiga makofi."

"Basi umekosea kiti. Wageni wamekaa kule ng'ambo."

"Mimi wa Erie. Skafu hii unadhani nimeiokota?"

"Mpeni mama kahawa!" mtu akadakia nyuma. "Baridi imempanda kichwani!"

Watu wakacheka. Rudy hakucheka. Msimu mzima alikuwa akiisubiri siku hii.

"Sikiliza, mama. Shambulio likianza, mpira unakwenda mikononi mwa nani? Kwotabeki. Anayeamua urushwe au ukimbizwe ni nani? Kwotabeki. Kabla ya Brandvold tulikuwa kichekesho, kila anayepita anatufunga. Alipokuja yeye ndiyo tukawa watu. Hao wengine ni wapambe tu wa bwana harusi."

"Na wale watano wanaosimama mbele yake kumkinga?" Verna akamjibu. "Wakilegea kidogo tu, bwana harusi wako anazikwa na suti yake. Kuna wanaokimbia na mpira, kuna wanaozuia. Timu nzima mnaivua nguo ili mmvishe mtu mmoja. Halafu mtu huyo akiumwa mnamwona hana adabu."

"Anaumwa nini? Wiki iliyopita si alipigwa kichwa kwa kichwa, akalala pale chini, akainuka, akaurusha ule mpira wa ushindi? Huyo ndiye mwanamume! Leo kimemsibu nini?"

"Mwoga huyo!" ikasikika sauti nyuma yao. Mwingine akaidaka. Mara safu nzima ikawa inaimba: "Mwo-ga! Mwo-ga!"

Verna alipanda juu ya kiti chake, akawageukia.

"Nani kasema mwoga? Asimame nimwone!"

Hakusimama mtu.

"Mmekaa na bia zenu mikononi, mmejifunika mablanketi, halafu mnamwita mtu mwoga! Timu hii itacheza bila yeye. Mkitaka kaeni, msipotaka nendeni nyumbani!" Kisha akaugeukia uwanja, akaanza kupiga kelele peke yake: "Pruitt! Pruitt! Pruitt!"

Donge la theluji likampiga mgongoni. Hakugeuka hata kutazama limetoka wapi. "Pruitt!"

Kwa muda, ilionekana Verna ndiye aliyekuwa sahihi. Wale watano walisukuma ukuta wa wageni kama watu wanaosukuma lori lililokwama, wakimbiaji wakapenya, na mpaka mapumziko Erie walikuwa wakiongoza.

"Kwotabeki wako yuko wapi hapo?" Verna akamchoma Rudy kwa kiwiko.

Rudy alijikuta anacheka. Akamkatia nusu ya mkate wake wa soseji. "Kula, mama. Ila bado mapema."

Kipindi cha pili wageni waligundua kwamba Pruitt hawezi kurusha mbali. Wakajazana katikati. Njia zikaziba, pointi zikaliwa moja moja, na dakika ya mwisho ilipofika Erie walikuwa nyuma. Walibakiwa na shambulio moja tu. Upande wa kulia mwenzao alikuwa amebaki peke yake kabisa, mkono juu, anauomba mpira. Pruitt hakumwona. Aliurusha katikati ya watu, na mgeni mmoja akaudaka akalala nao chini.

Ikawa basi.

Rudy aliketi, macho yamemlowa. "Umeona, mama? Brandvold angemwona yule hata usingizini."

"Angemwona," Verna akasema.

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali. Angetushindia mechi hii. Na hata mechi ingerudiwa kesho asubuhi, nisingetaka acheze."

Rudy akatikisa kichwa. "Mama, wewe una roho ngumu."

Verna alishuka ngazi katikati ya watu waliomnyooshea vidole. "Ndiye yule! Yule aliyekuwa anashangilia!" Mmoja alimsukuma kwa bega. Verna hakuinamisha kichwa, wala hakuharakisha.

Mwisho kabisa wa maegesho, nyuma ya mabasi, gari moja lilikuwa likinguruma taratibu, madirisha ya nyuma yamezibwa kwa blanketi. Mumewe alikuwa kwenye usukani. Verna alifungua mlango wa nyuma kidogo tu, mwanga usiingie, akajipenyeza ndani. Kijana aliyelala pale, taulo juu ya macho, alipapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Mama, tumeshinda?"

"Tumefungwa, Cale."

Gari likaondoka. Kabla hawajafika kwenye lango akaukaza tena mkono wake.

"Mama, tumeshinda?"

Macho ya Verna yakakutana na ya mumewe kwenye kioo.

"Tumefungwa, mwanangu."

Walipoingia barabara kuu aliuliza tena, kwa sauti ileile, kwa hamu ileile, kana kwamba hajawahi kuuliza.

"Tumeshinda," Verna akasema.