Haruomi Aachia Mpira

Haruomi aliushika mpira wa besiboli, lakini vidole vyake havikuusikia. Alikuwa amewarushia wapigaji peke yake katika mechi za juzi, jana na leo tena, mpaka kiwiko kikavimba kama kiazi.

Timu ya shule yake iliongoza kwa pointi moja. Alibaki mpigaji mmoja tu wa timu pinzani wa kutolewa, ubingwa wa mkoa uwe wao.

"Bado unaweza?" kocha alimuuliza kwa sauti. Wiki nzima Haruomi alikuwa akijibu ndiyo.

"Siwezi, Kocha."

Haruomi akamwita mrushaji wa akiba, akamtia mpira mkononi.

"Mimi? Acha utani, kaka!"

"Rusha tu, bwana. Ukipigwa, tupo."

Akaenda kusimama nyuma kabisa ya uwanja, mkono wa kulia ukining'inia. Mwenzake akarusha. Mpigaji akaubamiza mpira, ukapaa, ukaja upande wake. Ukidakwa hewani, mpigaji ametolewa; ukigusa chini, wapinzani wawili waliokwisha kuanza kukimbia watafunga, nao wamekwisha.

Haruomi alitimua mbio, akajirusha, akanyoosha mkono wa kushoto uliovaa glovu.

Paa! Alianguka kifudifudi kwenye nyasi, mpira kaung'ang'ania, na wenzake wakaja mbio wakipiga mayowe.